Ngano ya Uzi wa Buluu

Kazi aliyonipa Yodgor mwaka ule haikuwa ngumu. Yeye alikuwa bwana shamba wa kituo cha mbegu, aliishi mbali, akija kijijini kwetu mara moja kwa mwezi barabara ikiruhusu. Familia kumi na moja zilikuwa zimekubali kujaribu ngano mpya katika mashamba yao, naye alihitaji mtu wa papa hapa wa kuzungukia nyumba, kuuliza maswali na kuandika majibu kwenye fomu. Mimi nafundisha hesabu darasa la tano, hati yangu inasomeka, na sina mume wa kuniuliza nimechelewa wapi. Nikachaguliwa.

Kila familia ilipewa vifuko vitatu vya mbegu. Havikuwa na majina, vilifungwa kwa uzi tu, kimoja mwekundu, kimoja mweupe, kimoja wa buluu. Nilimuuliza Yodgor kwa nini anawaficha watu majina. Akasema kwamba mtu akiambiwa hii imetoka ng'ambo na hii imetoka kituoni, atajibu kwa masikio badala ya macho. Kando ya vipande vitatu vya shamba vya mbegu hizo kila mmoja alipanda cha nne, ngano yake mwenyewe ya siku zote, ile nyekundu yenye masuke mafupi ambayo bibi zetu waliipanda mlimani kwa mvua ya Mungu.

Katika zile familia kumi na moja, nyumba niliyoijua zaidi ilikuwa ya Savrimo, kwa kuwa ukuta wa ua wake ndio ukuta wa ua wangu. Alikuwa mjane wa miaka tisa. Mabinti zake walikuwa wameolewa, na mwanawe wa pekee, Rajabali, alikuwa akijenga maghorofa Moscow. Savrimo hakuwa mtu wa maneno. Alisifika kwa mkate. Palipokuwa na harusi au msiba, yeye ndiye aliyeitwa kusimama kwenye tanuri.

Theluji ilipoyeyuka, mvua ilizidi, na kutu, ule ugonjwa wa majani, ikaingia katika ngano. Ya uzi mwekundu ukiigusa, vidole vinatoka na vumbi la rangi ya chungwa. Nyeupe ililazwa na upepo. Ngano ya zamani ilijikaza, ikabaki nusu. Buluu ilikaa kijani mpaka siku yake ya kukauka ikafika, ikasimama wima kama askari. Tulipopura mwezi wa saba, kipande cha buluu kilitoa karibu magunia matatu. Cha ngano ya zamani, ukubwa ule ule, gunia moja na debe.

Nilimfuata Savrimo uwanjani na fomu yangu. Alisugua masuke kiganjani, akapuliza makapi, akatafuna punje.

"Andika buluu ya kwanza," alisema.

"Ya pili?"

"Yetu."

"Na ya tatu?"

"Hao wawili waliobaki wagombane wenyewe."

Nyumba tisa kati ya kumi na moja zilisema hivyo hivyo. Yodgor alipokuja alifurahi hata akala mabakuli mawili ya mtindi nyumbani kwangu. Ulibaki ukurasa mmoja tu wa mwisho, wa mkate. Kila nyumba ilitakiwa kuoka mara kadhaa kwa unga wa kila ngano, kisha kuutia alama, moja kwa mzuri mpaka tatu kwa mbaya. Niliona hiyo ni kazi ya siku mbili tatu.

Mwezi wa nane Rajabali alirudi likizo, akaozeshwa Tojiniso, binti wa Sangdara, kijiji cha ng'ambo ya mto. Alikaa na mkewe wiki tatu, kisha akarudi kazini. Kwa hiyo nyumba ya Savrimo ilipata ngano mpya na mkamwana mpya katika msimu mmoja. Wakati ule sikuliona hilo kuwa jambo.

Mkamwana akiingia nyumbani, mkate ni kazi yake. Siku ya kwanza ya kuoka nilikwenda na fomu. Tojiniso alikuwa msichana wa miaka ishirini na moja, mrefu, mwepesi wa mikono, na alikanda kwa namna iliyonipendeza. Alichota unga wa buluu, akautia hamira, akaufunika uumuke. Saa nne kasorobo akapanda mlimani kwenye jabali, kwa sababu hapo tu ndipo simu inaposhika, na saa nne ndiyo saa ya mapumziko ya Rajabali. Alirudi uso umemng'aa. Akasukuma mikate kumi na miwili, akaipiga maji mgongoni, na mmoja mmoja akaibandika kwa kitakia, kimto cha kushikia mkate, kwenye ukuta wa ndani wa tanuri.

Mitano ilianguka kwenye makaa.

Kwetu mkate haulazwi kifudifudi. Chembe ikionekana njiani, mtu huiokota akaiweka juu ya ukuta kwa ajili ya ndege. Mkate uliolala majivuni ni jambo ambalo mwanamke hamsimulii jirani. Savrimo alichukua koleo, akaitoa yote mitano, akaikung'uta, akaumega mmoja ulioungua, akaula amesimama. Hakusema neno. Tojiniso alikuwa anamtazama mdomoni, akisubiri. Nami nikaikunja fomu nikaiweka mfukoni.

Siku ya tatu ilianguka minne. Siku ya tano sita. Savrimo hakugomba, hakuuliza, hakuguna. Wiki iliyofuata aliamka mapema, akafunga kilemba vizuri, akaoka mwenyewe kwa unga ule ule wa buluu. Mikate kumi na miwili ilishika yote, ikatoka myekundu usoni, imejaa mapovu, mizuri hasa. Nilifurahi kwamba nimepata jibu. Nikaandika: buluu, mkate mzuri. Nilipoinua kichwa nikamwona Tojiniso mlangoni na kikapu mkononi, na hapo ndipo nilipofahamu maana ya nilichokiandika.

Nikajaribu kurekebisha. Mimi ni mwalimu. Nikasema, haidhuru, tuangalie upande wa pili. Nilimwomba Tojiniso aoke ngano ya zamani. Kama mkono wake ni mbaya, itaanguka mingi. Kama buluu ndiyo mbaya, hautaanguka hata mmoja. Ilianguka miwili. Nilisimama pale na kalamu yangu nisijue miwili ni mingi au ni michache.

Kwa bahati mbaya siku hiyo Gulandom, jirani wa upande wa juu, alikuwa amekuja kuazima chekecheke. Akaichungulia ile miwili ndani ya tanuri, akasema polepole, kama mtu anayemsikitikia mgonjwa, "Haya, mchele mmoja mapishi mbalimbali. Mkate nao humjua mwenyewe." Jioni hiyo hiyo maneno yalikuwa yamefika kisimani. Wengine walisema mkono wa msichana ni mbaya. Wengine walisema si mkono, ni nyota.

Savrimo alikuja kwangu kesho yake, akaketi, akakataa chai.

"Mwalimu Barno, hiyo karatasi yako husomwa na nani?"

Nikamwambia husomwa na watu wa kituo.

"Nikisema mkate wa buluu ni mbaya, wataiondoa mbegu?"

Nikasema huenda wakaiondoa.

"Watu hapa wamepata magunia matatu palipokuwa panatoka moja. Nami nikisema mkate wake ni mzuri, utakuwa umeandika kwamba mkamwana wangu ni mbaya."

Nilimweleza kwamba fomu haiulizi habari za wakamwana.

"Fomu haiulizi," alisema. "Kijiji kinauliza." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba lililomsumbua zaidi ni kuwa hajui. Angejua kuwa msichana ni mzembe, angemfundisha. Angejua kuwa ngano ina kasoro, angesema. Lakini akimwangalia anavyokanda haoni kosa, na akiuangalia unga haoni kosa, na mkate unaanguka.

Nilipanda jabalini kumpigia Yodgor. Alicheka kidogo, si kwa ubaya, akasema nichukue wastani. Nikamuuliza wastani wa nini. Akauliza kama tumebadili chumvi, maji au kuni. Nikasema hapana, kilichobadilika ni mwokaji. Akasema kwamba katika karatasi zake hakuna safu ya mwokaji. Nilishuka mlima nikiwa nimechanganyikiwa kuliko nilivyopanda. Usiku mzima hesabu zangu zilinizunguka kichwani: buluu kwa Tojiniso inaanguka, buluu kwa Savrimo inashika, ya zamani kwa Tojiniso inaanguka kidogo. Darasani ningemwambia mtoto aandike ni kosa la Tojiniso na kidogo la ngano. Lakini hilo si jibu, ni kumtupia mtu jiwe na kuliita namba.

Jumamosi Tojiniso aliomba ruhusa ya kwenda kumwona mamake kwa siku mbili. Alipopita mbele ya lango langu nilimwona amebeba koti la baridi, na ulikuwa bado mwezi wa tisa.

Siku mbili zikawa nane. Siku ya nane Savrimo aliniita juu ya ukuta wa ua, kwa jina langu tupu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Nilimkuta ameketi chini mbele ya tanuri, koleo mapajani. Alikuwa ameoka buluu peke yake, na kati ya mikate kumi na miwili ilikuwa imeanguka saba.

"Mkono ni huu huu," alisema, akaninyooshea.

Nilimuuliza alichofanya tofauti. Akasema hakuna. Alikanda, akaufunika unga, akapanda jabalini kumpigia Rajabali, maana aliona mwanamume hana budi kujua mkewe hayupo. Simu ikashika, Rajabali akaitika, akauliza habari za kila mtu mpaka za punda, naye akashindwa kumwambia. Akashuka, akaoka. Ni hayo tu.

"Nilidhani ikiniangukia na mimi nitafurahi," alisema. "Nitajua kuwa ni ngano. Lakini wiki ile haukuanguka hata mmoja. Sasa hata mkono wangu siujui."

Nilimshauri tungoje. Tuoke mara mbili tatu zaidi, tupate hakika, ndipo aende Sangdara akiwa na la kusema. Savrimo aliinuka akakung'uta sketi. Akasema kwamba tukingoja hakika, theluji itafunga njia. Kama nataka kumsindikiza, anatoka baada ya chai.

Tulitembea kwa muda wa saa mbili na nusu. Kwetu mavyaa, mama wa mume, hamfuati mkamwana aliyerudi kwao. Huwatuma wengine, au husubiri. Mamake Tojiniso alipotufungulia lango alishtuka hata akasahau kutukaribisha, kisha akakumbuka, akatandika kitambaa, akaweka chai ya kijani, mkate na matunda makavu ya mforosadi. Tojiniso aliketi karibu na mlango. Tulizungumza habari za mvua, za bei ya mahari siku hizi, za goti la mama wa nyumba. Mkate ulikaa katikati yetu hakuna aliyeumega. Mwishowe Savrimo akaweka kikombe chini.

"Sikuja na jibu, mwanangu," alisema. "Sijui kama ni ngano, au ni mkono wako, au ni tanuri langu limezeeka. Leo asubuhi nimeoka buluu mimi mwenyewe. Imeanguka saba."

Tojiniso aliinua uso. "Saba?"

"Saba. Nusu na mmoja juu."

Msichana akaziba mdomo. Nilidhani analia, kumbe anacheka, kisha kweli akalia. Mamake akamwekea mkono mgongoni.

"Ungenigombeza, Mama, ningejua pa kuanzia," alisema baadaye. "Ulikuwa unaila ile iliyoungua na kunyamaza. Nilikuwa najiuliza, huyu ananiona nini."

"Nilinyamaza kwa sababu sikujua la kusema."

"Mimi nilidhani unajua."

Savrimo akaitazama mikono yake. "Rudi hivyo hivyo," alisema. "Hata kama ni mkono wako. Tutajua tukiwa wote."

Tojiniso hakurudi nasi siku ile. Alisema atafikiri, na Savrimo hakumbembeleza. Tulirudi wawili, na njia nzima nilikuwa nikijiuliza kama tumefanya vizuri au tumejidhalilisha bure. Siku ya tano baada ya hapo, nikiwa nyumbani nasahihisha madaftari, niliona kitambaa cha kichwa kikipita juu ya ukuta, kisha nikasikia ndoo kisimani. Alikuwa amekuja mwenyewe kwa miguu, koti mkononi.

Tojiniso ndiye aliyelileta wazo, si mimi mwenye diploma. Alisema kwamba kila aliporudi kutoka jabalini aliukuta unga wa buluu umelegea, umetandaa kwenye beseni kama mtu aliyechoka. Ngano ya kwao haikuwa hivyo. "Unga huu haungoji mtu," alisema. Savrimo akamkodolea macho, kisha akanigeukia. Siku aliyooka mikate yote ikashika, hakupanda mlimani. Siku iliyoanguka saba, alipanda.

Tukakanda beseni mbili za buluu. Ya kwanza ilitiwa tanurini mara tu ilipoumuka. Ya pili tuliiacha isubiri mpaka Tojiniso aende jabalini, aongee, ashuke. Ya kwanza ilishika kumi na mmoja, ukaanguka mmoja. Ya pili ilianguka mitano. Kesho yake wakabadilishana, Savrimo akashika kitakia, ikawa vivyo hivyo karibu: ya haraka haukuanguka hata mmoja, ya kusubiri ilianguka sita. Kisha tukausubirisha unga wa ngano ya zamani, mara mbili, na wote ukashika.

Nilitaka kufurahi. Lakini ile miwili ya ngano ya zamani iliyomwangukia Tojiniso mbele ya Gulandom, hiyo ilianguka kwa nini? Tojiniso alisema siku hiyo mikono ilikuwa inamtetemeka na huenda alitia chumvi mara mbili. Savrimo alisema hapana, kuni zilikuwa mbichi. Walibishana juu ya hilo mchana kutwa, na ilikuwa mara ya kwanza kuwasikia wakibishana.

Fomu haikuwa na nafasi ya mambo haya. Ilitaka moja, mbili au tatu. Nikaandika pembeni, nikazunguka ukurasa mzima, juu mpaka chini na kurudi. Yodgor alipokuja mwezi wa kumi aliigeuza karatasi mikononi ili afuate maneno yangu, akageuza tena, akakuna kichwa.

"Mwalimu, sasa mimi kule niandike namba gani?"

Savrimo akamwambia amwulize mkamwana. Yodgor akamgeukia Tojiniso, ambaye alikuwa anamimina chai.

"Andika moja," alisema. "Lakini kwa mwenye mume wa simu, andika tatu."

Yodgor alicheka hata chai ikamwagika, kisha akaandika mbili. Akaniambia baadaye kwamba vijiji viwili vya bondeni vimejaribu buluu hiyo hiyo na mkate wao unashika hata ukingoja nusu siku, na kwamba hapa kwetu nyumba mbili zimesema unaanguka hata ukiharakishwa. Nikamuuliza sababu. Akasema labda maji. Akasema labda hamira. Nikamwona hajui, na nikamheshimu zaidi kuliko siku zote.

Buluu ilipata jina miaka miwili baadaye, na sasa watu wengi wa kwetu wanaipanda, wengine wakiuchanganya unga wake na theluthi moja ya ngano ya zamani. Savrimo hufanya hivyo. Rajabali aliambiwa apige simu alasiri. Alilalamika kwamba ni saa yake ya kazi, kwa hiyo siku nyingine hupiga na siku nyingine hapigi, na Tojiniso hukasirika kama mke yeyote. Gulandom alikuja kuuliza namna ya kuukanda unga wa buluu, wakamfundisha, hakuna aliyemkumbusha kitu.

Na Savrimo, baada ya kimya cha miaka yote ile, ameanza kusema. Husema chumvi imezidi, husema kitambaa kimekunjwa vibaya, husema mbuzi amefungwa karibu mno na mti, na husema pia mkate wa leo umetoka vizuri kuliko wa jana. Mkamwana wake alitaka kuambiwa, na sasa anaambiwa toka alfajiri. Siku nyingine, alasiri, Tojiniso hupanda ukuta akaja kwangu, akaketi kwenye kiti cha dirishani, akaniomba tafadhali tusizungumze kwa muda wa nusu saa.